Ng'ambo ya Mto Kuna Daktari

Daraja la kwenda Msambweni lilichukuliwa na maji siku ileile Sista Concepta, msimamizi wa zahanati, alipokwenda huko kufuata dawa. Zahanati ndogo nje ya Kikoneni ikabaki mikononi mwa Immaculate, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Kampala aliyekuja kujitolea kwa miezi miwili. Mvua za mwaka ule wa tisini na saba hazikuwa na simile. Miezi yake ilikuwa imekwisha, mtihani ulikuwa unamngoja kwao, na yeye hakuwa na njia ya kuuvuka mto. Mara kwa mara alijifungia katika chumba cha dawa akalia, kisha akanawa uso na kutoka, maana watu walimwita daktari.

Alasiri moja Dama aliletwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, uchungu umemshika. Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia kwa nguvu. Kondo la nyuma halikutoka. Damu ikaanza kuteremka kidogo kidogo, kisha si kidogo tena. Chuoni, hapa ndipo mwalimu alipokuwa akimwambia asogee kando, ashike yeye kazi.

"Mbona umesimama, daktari?" aliuliza Mwanapili, mama mkwe wa Dama.

"Mama, nisamehe. Mimi si daktari. Hata uuguzi sijamaliza. Huyu anatakiwa apelekwe hospitali ya Msambweni."

Mwanapili alitazama dirishani. Mto ulisikika hata humo ndani.

"Msambweni tutafikaje, mwanangu?"

Immaculate aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na hakuwa na pa kukimbilia. Sindano ya kuzuia damu ilikuwa miongoni mwa dawa alizofuata Sista Concepta.

"Mpe mtoto titi, akinyonya tumbo litakaza," alimwambia Dama mwishowe.

Akamsaidia kukojoa kwenye beseni, kibofu kisije kikalizuia kondo, akangoja, akiomba kimoyomoyo kwa Kiganda. Dama akakunja uso, akasukuma, na kondo likatoka. Damu bado ilikuja. Immaculate akamkandamiza tumbo chini ya kitovu, akalisugua. Dama akapiga yowe. Immaculate hakuacha, mpaka alipohisi tumbo limekaza chini ya kiganja chake na damu imepungua. Kisha akaketi sakafuni.

"Mungu akuweke, daktari," Mwanapili alisema.

"Mama, nimekwambia mimi si daktari."

"Nimesikia," alijibu Mwanapili, huku akimfunika mjukuu wake kwa leso.

Asubuhi benchi la nje lilijaa. Immaculate alisimama mlangoni akawaambia wazi kwamba yeye ni mwanafunzi tu, na kwamba anaweza kukosea. Hakuna aliyeinuka. Mzee Garama, mguu umemvimba, alijisogeza kumpisha mwenzake akae.

"Tumekusikia, binti. Lakini mto haujapungua."

Immaculate akaingia ndani kunawa mikono.

Sista Concepta alirudi wiki iliyofuata, kwa mtumbwi. Kule Kampala, mtihani ulikuwa umekwisha kufanywa.