Mtani Kaichukua Mashine

Tangu mashine iingie nyumbani kwake, Mwamini alikuwa hajakaa kitako na kikombe cha kahawa mkononi. Watu wa mtaa ule wa Nachingwea hawakuliona hilo. Kila walipofika walimkuta kasimama, wakajua ndivyo anavyopenda.

Ilikuwa mashine nyeusi, ukubwa wa televisheni ya kichogo. Unamimina kahawa ya punje juu, unajaza maji nyuma, unabonyeza alama ya kikombe, nayo inasaga, inanguruma, inatema yenyewe. Binti yake Raudha ndiye aliyeileta kutoka Ruangwa, anakofanya kazi kwenye ofisi ya wachimbaji. Bosi mmoja mgeni alimaliza mkataba, akagawa vitu vyake kabla ya kuondoka: huyu kapewa friji, yule kapewa baiskeli, Raudha akasema yeye anaomba ile ya kahawa. Akaifunga kwenye godoro la mtoto isigongwe na mashimo ya barabarani, akaipakata kama kichanga mpaka kwa mama yake.

Na sababu alikuwa nayo. Marehemu baba yake, Masoudi, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa na baraza lililojulikana hadi stendi. Kila jioni alikaanga kahawa kwenye kikaango cha udongo, akaitwanga na tangawizi kavu, akaichemsha kwenye birika kubwa, akamimina. Vikombe alivisuuza mwenyewe kwenye ndoo iliyokaa miguuni pake. Watu walijaa mpaka wengine wakakalia matofali. Hapo ndipo ilipojulikana nani kaposa, nani kaposwa akakataa, korosho za nani zimerudishwa ghalani kwa unyevu. Mwamini alikuwa na kona yake ya mkeka ndani tu ya mlango. Anapewa kikombe cha kwanza, ananyoosha miguu, anasikiliza mambo ya watu. Raha aliyoijua duniani ilikuwa hiyo.

Masoudi alipofariki, baraza likanyamaza. Raudha akija mwisho wa wiki anakuta matofali matupu na paka. Hilo lilimuuma kuliko hata kaburi. Siku alipoiwasha mashine kwa mara ya kwanza alilia, akasema baba angefurahi. Mama naye akasema ndiyo, angefurahi. Mtoto kalia mbele yako na zawadi mkononi, utasema nini kingine?

Watu wakarudi, tena kuliko mwanzo. Waliokuwa hawanywi kahawa walikuja kuiona ikisaga. Waliotoka mnadani walipita kwanza kwa Mwamini ndipo waende makwao. Vikombe vidogo vya mashine vikasemwa kuwa vya kuchezea watoto, kwa hiyo kila mtu akawa anakunywa viwili, na wazee wa heshima vitatu.

Kazi yote ikawa ya Mwamini. Mashine ile ilikuwa na vitaa, na kila kitaa kilikuwa na neno lake. Kikiwaka chenye umbo la tone, maji yameisha. Kikiwaka chekundu, droo ya makapi imejaa, ivute, kamwage, kaisuuze, irudishe, na usipoirudisha sawasawa inagoma. Ukiiwasha inajiosha, ukiizima inajiosha tena, na maji yote hayo yanashukia kwenye sinia ambalo lazima nalo ulimwage. Halafu maji yenyewe ya kisima cha pale yana chumvi inayoiacha sufuria nyeupe. Basi kikatokea kitaa kingine, cha magamba ya chumvi, kikadai dawa ambayo Raudha alikuwa akiiagiza Dar. Jirani yake Saada, mama lishe mwenye ulimi, akasema dada umepata mama mkwe, tena mama mkwe gani huyo, hachoki kutuma wala hashukuru.

Mwamini alicheka, lakini usiku miguu ilimwaka.

Na Raudha alipiga simu ya video kila jioni. Alitaka kuona baraza. Mwamini anaizungusha simu polepole, watu wanapunga mikono. Mzee Ismaily, aliyekuwa utingo wa Masoudi enzi za malori, anasogeza uso mpaka pua inajaa kwenye kioo. Raudha anacheka kule Ruangwa, anasema sasa nalala vizuri. Mwamini akikata simu anageukia droo ya makapi.

Kumwambia asingeweza. Kila alipojaribu kulipanga neno hilo kichwani, lilimtokea kama anasema nimechoka na baba yako. Mtoto angelisikia hivyohivyo. Angemwona mama yake kamzika baba mara ya pili, na safari hii bila hata sanda.

Kuna siku kidogo apone. Saada aliamua kahawa ile haina ladha ya marehemu, ladha ya marehemu ni tangawizi. Mwamini alipoingia ndani kufuata maji, Saada akachukua vipande vya tangawizi kavu, vile vigumu kama kokoto, akavimwaga juu pamoja na punje za kahawa, kama wanavyofanya wote pale wakitwanga kwenye kinu. Mashine ikasaga kidogo, ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, ikakata sauti. Vitaa vyote vikawaka kwa pamoja, kisha vikazimika.

Mwamini akiwa na ndoo mkononi alihisi kitu kimemshuka mabegani, akakaa pale pale alipokuwa, juu ya kizingiti. Saada alikuwa anaomba radhi huku machozi yanamlengalenga, naye Mwamini anamwambia usijali mdogo wangu, usijali kabisa, na alikuwa anasema kweli tupu. Lakini Ismaily alizoea kufufua injini porini kwa waya na mate. Akaomba sindano ya kusukia nywele, akachokoa mchana kutwa, nyuzi za tangawizi zikatoka moja moja, na saa ya alasiri mashine ikanguruma. Baraza zima likapiga makofi. Mwamini naye akapiga. Kisha akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu bila haja.

Hitima ya mwaka ya Masoudi ikawadia. Raudha alikuja mapema na mchele na nyama, kisomo kikasomwa, pilau ikaliwa, na watu wakageukia kahawa. Mashine ilikuwa kwenye meza barazani, waya umepitishwa dirishani. Walikuja wa mtaani, wakaja wa Nambilanje, ndugu wa upande wa mume. Mwamini alisimama kuanzia adhuhuri. Kitaa cha tone, chekundu, cha tone tena. Vifundo vya miguu vilivimba mpaka kandambili zikamkaa kama zimeshonwa.

Ndipo akaingia mtani.

Eusebio alikuwa Mngoni, babu zake walitokea Songea, naye kazaliwa na kuzeekea Lionja akilima ufuta. Masoudi alikuwa Mmwera, na kati ya makabila hayo mawili utani ni wa tangu vita. Kwenye msiba mtani ana ruhusa zake: anacheza pale ambapo wengine wanalia, anamwiga marehemu, anabeba kitu cha nyumba na kukishikilia mpaka wenye msiba wamkomboe, kwa kawaida kwa kuku. Kumkasirikia ni mwiko. Kurudisha kitu bila kukombolewa nako ni aibu yake mtani, atachekwa mpaka na wajukuu.

Siku ya mazishi Eusebio alichukua viatu vya Masoudi akavivaa kichwani. Safari hii alizunguka uwanja akinusa, akauliza hawa Wamwera tangu lini wananyweshwa na chuma, babu zetu wangejua wasingepoteza mikuki kuwavamia, wangewaletea soketi. Watu walicheka hadi kulia. Akachomoa waya. Akatwaa khanga iliyokuwa begani mwa Mwamini, akaifunga mashine humo, akajitwisha, akaenda kuketi nayo langoni.

"Hii ni mateka," akasema. "Mwenye nyumba aje."

Raudha hakuhitaji kuambiwa. Alishamkamata jogoo wa Saada, wangeelewana baadaye, akamletea mama yake akiwa anacheka. Mjane ndiye anayekomboa, hilo kila mtu alilijua. Watu wakatengeneza njia kutoka barazani hadi langoni.

Mwamini akampokea jogoo. Akatembea taratibu kwa zile kandambili. Alipofika aliitazama khanga yake, na ndani ya khanga lile dude limenyamaza, halimdai maji wala hakuna droo ya kuvutwa. Akasimama hapo mpaka vicheko vikaanza kupungua vyenyewe.

"Mtani," akasema, "nenda nayo."

Watu wakalipuka kwa kicheko. Utani umejibiwa kwa utani. Eusebio akanyoosha mkono apokee jogoo, lakini Mwamini aliinama akamwachia jogoo chini, naye akakimbilia kwa Saada.

"Nimesema nenda nayo. Sikukomboi."

Sasa hakucheka mtu. Raudha alisogea akamshika mama yake kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanatazama, na kwamba hiyo ni ya baba, baraza ni la baba.

"Baba yako alikuwa anatwanga mwenyewe," Mwamini akasema. "Anachemsha mwenyewe, vikombe anaosha mwenyewe. Mimi nilikuwa nakunywa. Siku hizi sinywi, Raudha. Sijakaa mwanangu, tangu uilete sijakaa. Nimechoka."

Lilimtoka hivyo, mbele ya pilau na ndugu wa Nambilanje, neno alilolificha miezi yote. Raudha alimwachia kiwiko. Alitazama miguu ya mama yake, kisha akatazama kwingine.

Eusebio alikuwa amebaki na mzigo wake magotini. Kuurudisha hawezi. Akasema kwa unyonge, na hapo hakuwa mtani tena, alikuwa mzee tu mwenye safari ndefu, "Mie nilitaka jogoo." Wakamtafutia bodaboda. Mashine ikaenda Lionja ndani ya khanga, na Raudha akaondoka na gari la jioni. Aliaga, lakini kwa kifupi.

Simu ya video haikuja siku ile, wala zilizofuata. Mwamini alilala. Alilala mchana, akaamka kuswali, akalala tena. Waliofika barazani walikuta mlango umerudishiwa, na nje ndoo ya maji ya kunywa, wakakaa kidogo, wakaondoka. Ismaily peke yake hakukosa. Alikaa juu ya tofali lake akijikuna ndevu, akiusimulia mlango habari za mjini, maana alijua nyuma ya mlango kuna mtu. Mwamini alimsikia. Habari zenyewe zilikuwa tamu, basi tu nguvu ya kutoka hakuwa nayo, na katikati ya habari alikuwa akiwaza mtoto wake.

Aliyepiga simu alikuwa Eusebio. Alilalamika kwamba kitongoji chao umeme haujafika, mashine kaiweka juu ya kabati, na watu wanakuja kuitazama tu, hawatoki, mkewe anawapikia chai tangu asubuhi na sasa hasemi naye. Akamsihi aikomboe, hata kwa yai.

"Sina yai, mtani," Mwamini akamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu hitima akacheka.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula cha mchana, alipitiwa na usingizi kwenye kona yake ya mkeka. Aliamshwa na kitu kinachogonga nje. Kilikuwa kinagonga bila mpangilio, mara mbili haraka, kinasita, kinagonga tena. Harufu ya kahawa iliyoungua upande mmoja ikapenya mlangoni. Akasikia Saada anasema ongeza tangawizi, na Ismaily anasema usiongeze.

"Nani anatwanga?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Kinu kikanyamaza. "Ni mimi, mama," Raudha akasema kutoka nje. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka safarini na vumbi lake. "Kiganja kimetoka lengelenge."

"Unatwanga vibaya. Mchi haushikwi hivyo."

"Sasa unashikwaje?"

Mwamini alitaka kumweleza. Alifungua mdomo kabisa, akaanza kusema kidole gumba kinakaa wapi, lakini maneno yakamchelewa, na kinu kilipoanza tena kugonga ovyo, yeye alikuwa ameshalala.