Mkanda wa Kulow

Ebla, muuza chai wa pale Habaswein, aliingia darasani bila hodi. "Mwalimu, toka! Siyad nasukuma adeer ya Kulow, mzee naanguka chini. Leo mtu nakufa kisimani!"

Nilitupa chaki nikatoka mbio. Adeer ni ndugu wa baba, na huyo, mzee Dahir, ndiye aliyemlea Kulow. Lakini kilichonitia kiwewe ni kwamba mikono ya Kulow niliifundisha karate mimi. Miaka miwili, kila Alhamisi nyuma ya shule, mchunga ngamia yule mwenye mabega kama mlango alirudia pigo la kiwiko mpaka likawa lake. Siyad alikuwa wa ukoo mwingine. Angekufa, damu isingeishia kwake, na mwaka ule wa tisini na sita, mvua ilipotukimbia, watu walikuwa wakitafuta sababu tu.

Nikikimbia nilishikilia neno moja nililowaambia wanafunzi wote: kabla ya kupigana, vua mkanda. Msidhani ni hekima. Kule Voi nilimvunja mtu taya nikiwa na mkanda kiunoni, klabu ikanifukuza, nikaapa hakuna mwanafunzi atakayenichafulia jina. Vua mkanda, halafu ua ukitaka, mimi simo. Ndivyo nilivyokuwa, na naona haya kulisema.

Kisimani watu walikuwa wamesimama duara. Siyad alisimama ameinua fimbo. Kulow, ambaye mkanda wake mweupe aliufunga juu ya kikoi hata akienda kunywesha ngamia, alikuwa ameuvua. Nikawapenya watu.

Kisha nikaona amechuchumaa. Mbele yake palikuwa na ndoo, maji ya zamu yake mwenyewe, na kipande cha sabuni alichoazima kwa mama mmoja. Alikuwa anafua.

"Inuka tupigane!" Siyad alifoka kwa Kisomali.

"Ngoja," Kulow akajibu bila kuinua kichwa. "Bado ni mchafu."

Akasugua, akasuuza, akaukamua, akaukagua juani, akaurudisha kwenye povu. Alisugua kwa hasira hata maji yakaruka. Alipoanza mara ya tatu, fimbo ya Siyad ilikuwa imeshuka. Alitazama huku na huku. Hakuwa na wa kumpiga, na mzee Dahir bado alikuwa amekaa vumbini. Akamwendea, akamwinua, akampangusa kanzu. "Adeer, nisamehe," alisema.

Nilimwuliza Kulow kwa nini hakumpiga. Alinishangaa.

"Si wewe nasema, mwalimu? Kabla ya kubigana, fua mkanda. Mimi nafua. Hasira naisha bamoja na sabuni."

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Vua, Kulow, si fua! Lakini miaka miwili yote alikuwa amelisikia neno langu kwa sikio la kwao, lisilotenganisha v na f, na likamfaa kuliko nilivyolitoa. Nikaliacha lilivyo.

Alhamisi iliyofuata wanafunzi kumi na mmoja walisimama mstari mmoja nyuma ya shule. "Kabla ya kupigana," nikasema, "fua mkanda." Kisha nikavua wangu mweusi, ambao tangu Voi haujaonja maji, nikamwomba Kulow ndoo.