Kosa Si Lako

Onyo lilikuja Jumatatu: programu ya seva yangu ilikuwa imepitwa na matoleo saba, na ikifika Jumamosi jioni seva nyingine zingekataa kupokea ujumbe wake. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani, imekaa kwenye kona ya sebule ilipokuwa cherehani ya marehemu mke wangu. Watu sitini na wawili wanaouguza wagonjwa nyumbani huandikiana kupitia hapo. Hawawezi kutoka. Huo ndio mlango wao.

Naiendesha kwa kujitolea, mwaka wa tisa sasa. Kompyuta nilijifunza masomo ya jioni nikiwa na miaka hamsini na minane, na cheti changu kiko ukutani, si kabatini.

Siku ya Jumanne mmoja wao, tunayemwita Kocha, alinipigia. Zamani alifundisha mpira. Siku hizi anamgeuza mkewe kitandani.

"Mzee Seva, mtambo wako unakohoa kuliko mgonjwa wangu! Si ubonyeze tu kitufe cha kusasisha? Shemeji yangu anasema ni dakika mbili."

"Mwambie shemeji yako aje anibonyezee."

"Ana shughuli."

"Na mimi vilevile."

Sikumwambia ukweli. Programu ile ilikuja kwa lugha ya wenyewe. Mimi na mke wangu tuliitafsiri miezi kumi na minne, yeye mgonjwa kitandani, mimi nimeshika kamusi. Kwa kutojua, maneno yetu niliyaandika ndani ya programu yenyewe, juu ya maneno yao. Kusasisha kungeyafuta yote. Kwenye kitufe cha kutoka tuliweka "Haya, tutaonana." Tulipofika kwenye onyo la hitilafu, mke wangu alisema, "Hawa watu wanalaumiwa kutwa nzima. Andika: Kosa si lako." Nikaandika.

Basi kila toleo jipya lilipokuja, nilibonyeza "Baadaye." Nimebonyeza Baadaye miaka sita, na nimechoka nayo.

Jumamosi asubuhi alikuja mpwa wangu, binti ya dada yangu, fundi wa mitandao. Nilijiandaa kugombezwa, maana mafundi wote huniuliza kwa sauti ya polisi kwa nini sijasasisha. Yeye alivua viatu, akasugua miguu, akauliza, "Mjomba, ukisasisha unapoteza nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia.

Akacheka. "Yaani umeandika kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga!"

"Kwa hati nzuri."

"Nzuri kabisa. Ila mwenye nyumba anapaka rangi."

Kwanza alitoa nakala ya kila kitu, akaiweka pembeni. Kisha nikawa namsomea maneno, yeye anayaandika kwenye faili la peke yake, ambalo programu italisoma lakini toleo jipya halitaligusa. Maneno mia nne na kumi na mawili. Simu ilipolia, aliichukua mkononi mwangu.

"Mjomba yuko kazini. Tumefunga mpaka saa tisa. Hapana, si uzee, ni ukarabati."

Miaka tisa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kunipokelea simu.

Saa nane na nusu toleo jipya lilikuwa limeingia. Tulikuwa hatujaliunganisha faili letu Kocha alipopiga. Alishindwa kungoja, akaingia kabla ya wakati.

"Imeandika ERROR, kwa lugha ya wenyewe! Nimeharibu nini, Mzee?" Aliuliza kwa sauti ya chini, yule mtu wa kupayuka uwanjani.

Mpwa wangu akaliunganisha faili. "Bado hatujafungua, lakini mwambie ajaribu tena."

Kocha akasoma polepole, "Inasema kosa si langu."

"Ndivyo."

"Haya," akasema. Hakukata simu haraka.

Mpwa wangu akavaa viatu. "Nipe na mimi neno la siri, Mjomba. Jumamosi ziwe zamu yangu."

Nilitazama cheti changu ukutani kitambo. Kisha nikamwandikia kwenye karatasi, kwa hati nzuri, nikaenda kulala mchana huohuo. Simu nilimwachia yeye.