Mwalimu Aliyetoka Bwawani

Jumamosi asubuhi, maabara ya shule moja ya Karatu ilinukia mahindi. Magunia ya chakula yalihifadhiwa humo tangu mwalimu wa biolojia alipohamishwa, na wanafunzi wa Kidato cha Sita walikuwa wameyasogeza kidogo ili wapate meza. Nailantei alishika wembe. Rafiki yake Penina alishika kitabu. Kati yao, kwenye sinia la jikoni, alikuwepo chura ambaye Penina alimnasa kwa ndoo kwenye bwawa lililo chini ya shamba la kahawa.

"Anza basi, daktari," Penina alisema. "Au unamwombea kwanza?"

Nailantei aliitwa daktari hata kwao Enguserosambu. Mama yake alishawatangazia majirani, na majirani walishaanza kumtunzia magonjwa yao. Kilichobaki ni kufaulu tu. Mtihani wa vitendo ulikuwa karibu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kupasua.

Aliweka wembe kwenye mgongo wa chura.

"Nilazeni chali," chura alisema. "Huko mgongoni mtakuta nini?"

Walimlaza chali. Chura akajifungua kifua kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayefungua vifungo vya koti jua likipanda, akaanza kuwaonyesha. Moyo una vyumba vitatu, wahesabu. Na kile walichokuwa wakikiita wengu kilikuwa figo. Alifundisha kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kiiraqw, na walipomkodolea macho alirudi kwenye Kiswahili. Kengele ya chakula ilipolia alijifunga, akaomba maji.

Jumatatu darasa zima lilikuja. "Shikamoo, Mwalimu," walisema, naye akaitikia marahaba. Nailantei, kwa kuwa kwao mtoto humwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili aguswe, aliinama mpaka usawa wa meza. Chura akamwekea kiganja utosini. Kilikuwa cha baridi na kilimwachia unyevu kwenye nywele. Wenzake walimcheka siku hiyo, kisha wakazoea.

Mkuu wa shule, Mwalimu Emilian, hakuacha kuomba mwalimu mwingine. Hatimaye mkaguzi alikuja. Alisimama mlangoni, akapangusa vumbi jekundu kwenye viatu, akasikiliza somo zima la mzunguko wa damu.

"Anafundisha vizuri," alisema.

"Mheshimiwa, huyu ni chura."

"Naona. Kuna shule hazina hata huyo."

Akapanda gari na kuondoka. Tangu siku hiyo, kila Mwalimu Emilian alipopiga simu, alijibiwa kwamba nafasi ya biolojia imeshajazwa.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo, vyura waliletwa kwa ndoo, wakiwa wamelazwa kwa dawa. Walitoka bwawa lilelile, kwa sababu hapo karibu hapakuwa na jingine. Kila mtahiniwa aligawiwa mmoja. Nailantei aliinama kumtazama wake, na kiganja cha baridi kikapanda polepole hadi utosini.

Aliweka wembe chini.

"Mwalimu, siwezi," alinong'ona.

"Mama yako atawaambia nini majirani?"

"Basi jifungue mwenyewe, kama siku zote."

"Leo hapana. Huo utakuwa wizi wa mtihani."

"Watahiniwa wasizungumze," msimamizi alisema kutoka mbele. "Chura naye anyamaze."

Chura alijilaza chali, akanyoosha mikono ili pini zikae sawa. Nailantei alikata katikati, bila kukandamiza, kama alivyofundishwa. Alichora moyo ukiwa bado unapiga. Alipomaliza kuandika jina la sehemu ya mwisho, akainua macho, vyumba vyote vitatu vilikuwa vimetulia. Aliinamisha kichwa tena karibu na sinia, akakaa hivyo mpaka karatasi zilipokusanywa.

Matokeo yalipotoka, Nailantei alikuwa na A ya biolojia. Enguserosambu majirani walianza kupanga foleni mlangoni kwa mama yake, ingawa chuo kilikuwa bado hakijafunguliwa.

Wiki hiyohiyo wanafunzi wapya wa Kidato cha Tano waliripoti Karatu na masanduku yao. Waliuliza mwalimu wa biolojia yuko wapi. Mwalimu Emilian aliwapa ndoo, akawaonyesha njia ya bwawani, na kuwasihi wambebe taratibu.