Kiti Kimoja, Zamu Mbili

Hospitalini alikofanya kazi walimwita Bi Mvuke, na jina hilo lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga pasi mashuka ya wagonjwa katika chumba cha chini ya jengo, ambako hewa ilikuwa nyeupe tangu asubuhi na watu walitambuana kwa sauti kabla ya kuonana sura. Labda ndiyo sababu, aliposhuka kwenye treni siku ile na kuukuta mji mkubwa umejifunika ukungu, hakushtuka. Aliona kama ameingia kazini, ila kazi yenyewe ina maghorofa na taa za rangi.

Kando yake alitembea wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwembamba mwenye hatua za haraka, aliyekuwa akichambua barua posta. Walikuwa hawajapata kusafiri pamoja. Na tangu mazishi, miaka mitatu iliyopita, walikuwa hawajapiga soga ya maana. Walijuliana hali, wakapelekeana salamu, yakaishia hapo. Ugomvi haukuwepo. Ila kila walipokaribia kumtaja yule waliyempoteza, mmoja wao alikumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni.

Safari ilikuwa wazo la marehemu mwenyewe. Kabla ya kuoa, alikuwa seremala wa jukwaa katika jumba la michezo ya kuigiza la mji ule. Miaka miwili alipigilia misumari nyumba zisizo na nyuma, milango isiyoelekea popote, na ngazi za kupandia wafalme. Alikuwa akiwasimulia mkewe na dada yake mpaka chai ikapoa, na kila mwaka aliapa kwamba mwaka huo hautaisha kabla hajawapeleka wote wawili wakaone. Mwaka uliisha, ukaja mwingine, ukaisha nao, na mwisho akaisha yeye.

Kisha wiki moja kabla ya safari, wifi alipiga simu. "Nimeona gazetini, wifi. Kuna mchezo pale kwenye jumba lake. Jumamosi ndiyo mara ya mwisho, onyesho la mchana. Twende."

"Twende," Bi Mvuke alijibu kabla hajajua anasema nini.

Tiketi zilikuwa zinauzwa dirishani tu, siku ileile. Walipofika, foleni ilikuwa imeshalizunguka jumba na kupotelea kwenye ukungu upande wa pili. Wakajipanga. Watu walisogea hatua moja, wakasimama, wakasogea tena, polepole, kama wanaotembea usingizini. Bi Mvuke aliweka kiganja ukutani. Jiwe lilikuwa baridi na laini. Akawaza kwamba huenda mumewe, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliegemea papo hapo akila mkate wake wa mchana. Alimwona wifi naye ameweka mkono ukutani.

Saa saba na nusu wakafika dirishani. Mkata tiketi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Mbili," wifi alisema.

"Imebaki moja, mama."

"Tumetoka mbali, baba. Tazama vizuri."

"Nimeshatazama. Kiti kimoja, safu ya tisa. Baada ya hicho nafunga dirisha."

Mawifi wakatazamana. Nyuma yao watu walianza kukohoa kile kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Ingia wewe," alisema wifi. "Wewe ndiye mke."

"Wewe ndiye dada. Ulimjua kabla yangu."

"Na nikishaingia, wewe nitakuacha wapi? Nikuache barabarani kama mzigo?"

"Mzigo wenyewe una miguu. Nitazunguka madukani."

"Wewe? Wewe hata sokoni kwetu unapotea."

Mkata tiketi alivua miwani akaipangusa. "Mama zangu, mimi nina siku nzima. Hao walio nyuma yenu ndio hawana."

Hapo Bi Mvuke alikumbuka chumba chake cha kazi, na meza moja ya pasi waliyoitumia watu wawili, mmoja asubuhi, mwingine alasiri, na meza haikuwahi kulalamika. "Mchezo una mapumziko katikati?" aliuliza.

"Unayo. Robo saa."

"Basi tutaingia kwa zamu. Wifi nusu ya kwanza, mimi nusu ya pili."

Mzee aliwatazama kwa muda. Kisha akaikata ile tiketi na kuisukuma chini ya kioo. "Bawabu wa mlango wa kushoto ni mwanangu," alisema. "Mwambieni mimi nimesikia, na sikukataza."

Basi wifi aliingia, na Bi Mvuke akabaki ukumbi wa nje, kwenye benchi refu lililovishwa kitambaa chekundu. Milango mizito ilipofungwa, mahali pale pakawa kimya kama chini ya maji. Zulia lilimeza nyayo za bawabu. Kupitia mlangoni zilimjia sauti zisizo na maneno, mwanamume akisema kwa kirefu, mwanamke akijibu kwa kifupi, kicheko cha watu mia kikipanda na kushuka kama pumzi ya mtu mmoja. Mara mvua ikaanza kunyesha humo ndani. Aliijua mvua ile. Mumewe alimweleza siku moja, wamelala, kwamba mvua ya jukwaani ni maharage makavu kwenye sanduku refu la mbao linaloinamishwa huku na huku. Bi Mvuke akafumba macho. Hakulala, lakini hakuwa macho pia. Aliyasikiliza maharage yakinyesha, akaona mikono anayoijua, yenye kovu kwenye kidole gumba, ikiliinamisha sanduku taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mtu alimgusa bega. Wifi alikuwa amesimama mbele yake, mashavu yamemwiva.

"Haraka, nikupe kwa kifupi. Kuna kijana amerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Yule mwenye kofia ni baba. Dada yake hampendi, usimjali, utamwelewa. Mama ndiye yule wa kiti cha dirishani. Na kuna jambo kuhusu barua, nalo ndilo..." Kengele ikalia. "Nenda. Nenda, wifi."

Alikwenda. Kiti cha safu ya tisa kilikuwa bado na joto la wifi. Pazia likapanda, na hapo mbele, kwenye mwanga wa rangi ya asali, ilikuwako nyumba. Alijua kwamba haina nyuma, na bado alitamani kuingia. Kulikuwa na ngazi, na kijana akazishuka akiwa na sanduku la safari mkononi. Mama aliyeketi dirishani hakugeuka. Kijana akasema, "Sasa nakwenda, mama," naye akajibu, "Nenda, mwanangu," basi, maneno mawili tu. Watu wa safu za mbele wakacheka kidogo, cheko la wanaojua jambo. Bi Mvuke hakujua jambo lolote. Alimwona mama anaagana na mtoto wake, na machozi yakamtoka yenyewe, bila kelele. Hakuyafuta. Miaka mitatu hakuwa amelia hivyo. Mtu wa kiti cha pili alimpa kitambaa bila kumtazama.

Treni ya kurudi ilikuwa nusu tupu. Nje mashamba yalipita, jua likiwa chini, kila kitu kimelainika. Walikaa wakitazamana, magoti karibu kugusana.

"Haya," wifi alisema. "Ilikuwaje mwisho?"

Akamsimulia, polepole, ngazi, sanduku, kiti cha dirishani. Wifi alisikiliza ameshika kidevu.

"Akamwita mwanangu?"

"Ndiyo. Si mwanawe?"

"Hakuwa, wifi. Mtoto wao alishakufa, na barua ilisema hivyo. Yule alikuwa mtu wa njiani tu. Na mama aliisoma ile barua akaificha, katikati ya nusu yangu."

"Basi alijua kila kitu, na bado akasema vile."

"Alijua."

Treni ikapita kwenye daraja, mlio wake ukabadilika, kisha ukarudi kama mwanzo. Wifi alikuwa akikunja ncha ya mtandio wake, anaikunja na kuikunjua.

"Siku ile," alisema, "nilifika mmeshamfunika. Sijawahi kukuuliza. Niliogopa utaniambia aliniita."

Bi Mvuke hakukumbuka chungu chochote jikoni. "Alikutaja asubuhi," alisema. "Hakulalamika. Alisema wewe ungenipinga kuhusu ile dawa ya kikohozi niliyomnywesha, tena ungeshinda. Akacheka kidogo. Mchana alilala. Nilikuwa nimemshika mkono, nikahisi tu mkono umekuwa mzito. Hakuna zaidi ya hapo, wifi. Kulikuwa kumetulia."

Wifi aliinamisha kichwa. Alilia kama watu wembamba wanavyolia, mabega tu. Bi Mvuke alihamia upande wake wa kiti akakaa naye, bega kwa bega, mpaka yakatulia.

"Na wewe sasa," alisema baadaye. "Nianzie mwanzo. Mimi nilimpata mtu mzima, ameshakomaa. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Balaa," wifi alisema huku akipenga kamasi. "Akiwa na miaka sita alikata miguu ya meza ya mama. Yote minne."

"Kwa nini?"

"Alisema meza imezidi urefu, haoni tunachokula. Na ungeona alivyoikata, wifi, imenyooka sawasawa. Baba alichukua fimbo, akaitazama ile meza, akaiweka fimbo chini."

Akaendelea. Kulikuwa na hadithi ya kuku, na ya baiskeli ya mwalimu, na ya siku aliyojificha kabatini akalala humo mpaka mtaa mzima ukamtafuta. Bi Mvuke alicheka mpaka akashika mbavu. Dirishani nyuso zao mbili zilielea juu ya mashamba. Stesheni zilikuja zikapita, taa zake zikiwaka moja moja, na hakuna aliyezitazama. Ndipo mkaguzi alipokuja kuwaambia kwa upole kwamba treni imefika mwisho wa reli, na kituo chao walikipita zamani, vituo viwili nyuma.