Dude Nyuma ya Kitambaa

Kila Jumamosi alasiri Nzilani, karani mstaafu wa Kayole, huketi mbele ya televisheni kutazama sinema za madude. Si zile za gharama kubwa. Yeye hupenda zile zilizopigwa harakaharaka ili kujaza saa za televisheni, ambamo dude huwa kubwa kama basi likiwa baharini na dogo kama mbuzi likifika mjini. Hupenda gari linaloondoka likiwa jekundu na kulipuka likiwa jeupe. Zaidi ya yote humpenda mwanasayansi anayevua miwani na kusema bado kuna muda, ilhali dude limeshafika mlangoni. Hapo Nzilani hucheka mpaka jirani wa chini agonge dari kwa ufagio.

Binti yake Kasiva hakuwahi kuona raha yake. Na Jumamosi hii mchumba wake, Sylvance, alikuwa anawaleta wazazi wake kutoka Kaloleni waje kujitambulisha. Kasiva akamwapisha mama yake: televisheni isisikike. Baba yake Sylvance, Mzee Owiti, alikuwa amefanya kazi ya reli hadi kustaafu, alikuwa mzee wa kanisa, na hata Sylvance hakukumbuka lini alimwona akicheka.

Nzilani aliahidi. Lakini alishaona tangazo: siku hiyo kulikuwa na mamba mwenye vichwa viwili. Kasiva alipokuwa jikoni na kuku wake, mama aliwasha televisheni, akaizima sauti kabisa, kisha akafunika kioo kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Ahadi ilikuwa ya kutosikika, na haikusikika. Kitambaa nacho kilikuwa na matundu mazuri.

Wageni wakaingia. Mzee Owiti alivaa suti nyeusi, mkewe Aloo akavaa gauni la kitenge, wakaomba, wakapewa chai. Kasiva alipoketi ndipo alipoona mwanga wa buluu ukichezacheza nyuma ya kitambaa. Alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama matundu.

Mzee Owiti akaanza kuzungumza, polepole na kwa heshima. Alieleza ukoo wao, akamtaja babu yake, akaeleza babu alivyokuja Nairobi. Kisha akamtaja babu tena. Akaanza sentensi nyingine kuhusu ndoa, akaiacha katikati. Aloo akamgusa goti. Mzee alikunja uso, akanyoosha kidole mbele yake.

"Hiyo kamba inaonekana," akasema.

Nzilani na bintiye ni Wakamba, na Kasiva alisikia masikio yakiwaka moto. Tusi alilokuwa akiliogopa tangu aanze kupendana na Mjaluo, akaliona limefika, tena sebuleni kwao. Sylvance aliviangalia viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyosema. Nzilani akasogea mbele kwenye kochi.

"Ya mkia, au ya kichwa cha pili?"

"Ya mkia, Mama Kasiva. Kuna mtu anaivuta akiwa nyuma ya mashua. Mpaka kofia yake naiona."

Nzilani akainuka akakiondoa kitambaa na kufungulia sauti. Kweli, kamba ilikuwepo, na mwenye kofia alikuwepo, na mamba alikuwa anamla polisi ambaye walishamwona akiliwa mwanzoni. Mzee Owiti alitoa kicheko chembamba cha ajabu, kama birika likichemka, na Sylvance akageuka kuhakikisha ni baba yake. Aloo akasema hakuna tena haja ya kuficha. Nyumbani mzee hufunga mapazia ili watu wa kanisa wasimwone, na hii ya mamba ameitazama mpaka anajua maneno yake.

Mamba alikuwa ndio anakaribia mji stima ilipopotea na televisheni ikazimika.

Nzilani alilalamika kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Mzee Owiti akafikiri kidogo, akavua koti, akasema asihuzunike kwa kuwa mwisho anaujua. Ila alihitaji kichwa cha pili. Wakachukua leso ya kujifunga, yeye akashika pindo moja na Nzilani lingine, wakiachana mbali kama inavyowapasa wakwe, hivyo mamba wao akawa mpana kuliko meza. Vichwa viwili vikaanza kugombania nani amle Aloo, ambaye ndiye alikuwa mji mzima na alipiga mayowe kwa bidii. Sylvance alivua miwani, akasema bado kuna muda. Kasiva alijaribu kukasirika, akashindwa. Alikimbia jikoni akaleta mwiko, akaua kichwa cha baba mkwe, akageukia cha mama yake, kisha akaanguka kochini akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jirani wa chini akagonga.

Mzee Owiti aliketi akihema, akajifuta jasho. Hotuba aliyoiandaa wiki nzima ilikuwa imempotea yote.

"Mama Kasiva," akasema, "tunampenda mtoto wako. Tunaomba awe wetu pia."

Nzilani alijibu kwamba kwake yeye jambo limekubaliwa, na wazee wa ukoo wataambiwa. Kasiva akapakua kuku. Walipomaliza, wageni waliteremka ngazi taratibu, na hadi orofa ya chini mzee alisikika akimweleza mwanawe jinsi mamba wa vichwa viwili anavyoweza kupanda ngazi, mradi vichwa vyote viwili vikubaliane.