Mapaja Yaliyogoma

Placide alikuwa mvuvi wa Mulongwe, mtaa wa Uvira ulio kando ya ziwa. Alivuta nyavu tangu hajaota ndevu, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika kuchoka. Ndiyo maana asubuhi ile, aliposhindwa kuinuka kwenye mkeka, hakufikiria uchovu hata kidogo. Alifikiria miiko.

Ulikuwa mwaka wa uasi, na uhuru ulikuwa na miaka minne tu. Waasi walikuwa wameshika Uvira, wakaandikisha vijana wa pwani ya ziwa: wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu kukataa kulikuwa na hatari yake. Placide mwenyewe hakujua vizuri alikuwa upande gani kati ya hizo mbili. Waliwakusanya kwenye uwanja wa mpira wa Nyamianda. Huko Nyandwi, mganga wa kikosi, aliwachanja kwenye paji la uso na kifuani, akawanyunyizia maji, akawaambia kwamba risasi zikiwafikia zitageuka maji vilevile. Ila kulikuwa na masharti. Usiguse mwanamke. Usile kilichopikwa na mwenye mimba. Usigeuke nyuma vitani. Atakayevunja, dawa itamtoka, na mwili wake wenyewe utamshitaki.

Mkufunzi wao alikuwa Léopold, kijana aliyesomea Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Siku hiyo ya kwanza ya mazoezi aliwafundisha kitu alichokiita jimnastiki. Waliruka kama vyura kutoka goli hadi goli, wakachuchumaa na kusimama mpaka jua likawa utosini, wakalala chali na kuinua vifua huku mikono iko kisogoni. Placide aliona ni michezo ya watoto. Jioni mke wake, Mama Sabine, alimletea ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa, inaonekana kwa kila mtu. Placide alilijua sharti, lakini maharage ya kambini yalikuwa hayaivi, na harufu ya zile ndagala ilimshinda. Alikula nyuma ya ukuta, akalala mzima kabisa.

Sasa mapaja yalikuwa magumu kama gogo. Akicheka, tumbo linauma. Akikohoa, vilevile. Homa hakuwa nayo, na hakuna aliyempiga. Mikono yake, iliyofanya kazi maisha yake yote, haikuwa na neno. Choo cha kambi kilikuwa shimo na magogo mawili, na Placide alipofika hapo alishika ukuta kwa mikono yote miwili, akajishusha polepole huku jasho linamtoka. Kuinuka kukawa kazi nyingine. Ugali ulikuwa umemshitaki, basi.

Alijikaza asionekane. Mstari wa asubuhi ulipopangwa, akamwona Norbert, ambaye walivua pamoja kwenye mtumbwi mmoja, anashuka ukingo wa uwanja kwa ubavu kama kaa. Akamfuata pembeni, akamuuliza ana nini. Norbert alitazama huku na huku kwanza. Akakiri kwamba dada yake alikuja kumsalimia, naye akampa mkono bila kufikiri.

"Na weye?" aliuliza Norbert.

Placide akamweleza habari ya ugali. Kila mmoja alikuwa na kosa lake, na maumivu yao ni yale yale. Hapo ndipo Placide alipowaangalia wengine. Kikosi kizima kilikuwa kinatembea kwa miguu iliyokakamaa, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Ilipofika mapumziko alimwendea Léopold, akamwambia miguu inamuuma, bila kutaja ugali.

"Ni misuli tu," alisema Léopold. "Haijazoea. Itaisha yenyewe."

"Lakini minye niko navuta nyavu kila siku."

"Nyavu unavuta na mikono na mgongo. Kuruka kama chura, uliruka lini?"

Placide alitulia kidogo, halafu wasiwasi ukamrudia kuliko mwanzo. Kama ni misuli, mwili haukumshitaki. Na kama haukumshitaki ilhali alikula, je, dawa ilitoka kimya kimya, au bado ipo? Au ni nini?

"Basi dawa yangu iko, ao imetoka?" aliuliza.

Léopold aligeuza macho upande alikokaa Nyandwi, akashusha sauti.

"Hiyo usiniulize mimi."

Norbert hakutaka kubaki na mashaka. Alikwenda kwa Nyandwi akaungama, akatukanwa, kisha akaoshwa upya. Baada ya siku chache alikuja akiruka kwa furaha kumwonyesha Placide jinsi miguu yake ilivyopona. Placide akachuchumaa mbele yake, akainuka bila kushika kitu.

"Ya minye nayo imepona," alisema. "Na sijaoshwa."

Norbert alisema kwamba Mungu ana njia zake, akaenda kufunga virago, maana malori yalikuwa yamefika kuwapeleka vitani, bonde la Ruzizi.

Watu walipopanda kwa kusukumana na kuimba, Placide alisimama karibu na gurudumu la nyuma. Alitia mguu, akautoa. Alijaribu kujiambia kwamba analindwa, ikashindikana. Akajaribu kujiambia kwamba halindwi, hilo nalo likakataa. Malori yalipoondoka na vumbi kutulia, alikuwa amebaki uwanjani. Akateremka Mulongwe, akamchukua Mama Sabine na mtoto wao Sabine, akasukuma mtumbwi majini kuelekea Burundi.

Katikati ya ziwa mke wake alimuuliza kama aliogopa, au kuna jambo alilolijua.

"Sijui, Mama Sabine," alisema Placide, na kafi halikusimama.

Waliishi Rumonge, pwani ya Burundi. Baadaye watu walianza kuvuka kutoka Uvira, na kila aliyekuja Placide alimuuliza habari za Norbert. Mmoja alisema alianguka vitani siku ya kwanza tu. Mwingine aliapa kwamba alimwona milimani upande wa Fizi, mzima, akibeba gunia la chumvi. Placide aliwakaribisha wote wawili nyumbani kwake, akawapa chakula, akawasikiliza mpaka mwisho.